Chaza na kombe wanakufa kila mwisho wa kaskazi: ni joto au ni uchafu wa maji?

Bweleo_Lulu

Assalaam alaykum wanajukwaa.

Kikundi chetu kiko upande wa Fumba, Unguja. Tuna kamba za kufugia chaza lulu (Pinctada margaritifera), na wenzetu wengine wanaokota kombe kwenye tope na kome wa miamba kwa kitoweo na kwa kuuza. Vifo vinaanza Februari na vinazidi mpaka masika yanapokolea. Kamba za karibu na nchi kavu ndizo zinazoumia zaidi, za nje zinapoteza wachache tu. Karibu na hapo kuna kijito ambacho maji yake yamebadilika rangi na harufu tangu ujenzi uongezeke juu yake.

Nusu ya kikundi wanasema ni jua, tuteremshe kamba. Nusu wanasema ni uchafu, tuhame kabisa. Kuhama kuna gharama na kukaa kuna hasara. Naomba wanaoijua kazi hii watusaidie. Tutatofautishaje kifo cha joto na kifo cha uchafu bila ya maabara? Kamba ziwe kina gani? Na hawa wanaobaki hai, wanafaa kuliwa?

Mwamba_Mweusi

Waalaykumu salaam dada. Nusu zote mbili za kikundi zina haki, na nitaeleza kwa nini, kwa sababu mkichagua upande mmoja mtatibu nusu ya ugonjwa.

Chaza, kome na kombe hawana namna ya kuupoza mwili wakiwa majini. Joto la maji ndilo joto lao. Maji yakiwapwelea na jua likiwapiga wanapanda juu hata ya joto la hewa. Kome aliyeshika kwenye mwamba mweusi anaweza kuizidi hewa kwa nyuzi 10 au zaidi. Mwili ukipata moto unafanya kazi haraka na unataka oksijeni nyingi. Hapo hapo maji ya moto yanabeba oksijeni kidogo: maji ya bahari ya chumvi ya kawaida kwenye nyuzi 25 yanashika takriban miligramu 6.7 kwa lita, kwenye nyuzi 32 yanashuka hadi kama 6. Mahitaji yanapanda na kilichopo kinapungua, na hayo ni maji safi.

Kwa chaza lulu wenu, ukuaji huwa mzuri kati ya nyuzi 23 na 28. Kwenye 32 bado anakula, lakini karibu chote anachokula kinaishia kwenye kujiweka hai. Habaki na akiba ya kukua wala ya kujitibu. Bahari yetu ya wazi huwa nyuzi 25 hadi 26 wakati wa kusi na hufika 29 hadi 30 mwezi wa Machi. Maji ya kina kifupi juu ya mchanga, siku tulivu ya kaskazi, yanaweza kupita 35.

Sasa tazameni saa. Hapa Unguja maji ya bamvua hupwa kabisa kiasi cha saa nne na saa tano, asubuhi na usiku. Maana yake ni kwamba siku ambazo maji yanakwenda mbali zaidi ndizo siku ambazo miamba na tope vinakaa juani kuanzia saa tatu mpaka karibu na saa saba mchana. Wakati wa maji mafu, kupwa kunaangukia jioni na alfajiri, na wala maji hayaendi mbali. Kwa hiyo bamvua ndiyo inayoua, siku mbili tatu baada ya mwezi kuandama na baada ya mwezi mpevu.

Na Machi ndiyo mbaya kuliko miezi yote kwa sababu mambo matatu yanakutana: mwanzoni mwa mwezi jua la adhuhuri liko juu ya utosi wa Unguja na Pemba, bamvua za majira hayo ni miongoni mwa kubwa za mwaka, na bahari imeshakusanya moto wa kaskazi nzima. Upepo wa kaskazi nao unakuwa umelegea, kwa hiyo hakuna mawimbi ya kuchanganya maji wala ya kurushia miamba.

Kizimkazi_Chini

Kaka Mwamba_Mweusi umeeleza vizuri, lakini mimi naona joto linatosha peke yake. Juni 2021 kule Kanada, mkoa wa British Columbia, joto kali la siku chache lilipiga wakati maji yamepwa mchana, na mtafiti Chris Harley alikadiria kuwa viumbe zaidi ya bilioni moja wa ufukweni walikufa, kome wakiwa wengi sana. Uso wa miamba ulifika nyuzi 50. Hapakuwa na haja ya uchafu wowote.

Mwamba_Mweusi

Kweli, na mfano huo ni wa kuhofisha. Lakini kome wale walikuwa nje ya maji. Chaza wa Bweleo_Lulu wamo ndani ya maji kwenye kamba, na bado wanakufa. Maji ya nyuzi 31 au 32 peke yake yanamchosha chaza lulu mzima, hayamuui kwa wingi hivyo. Kuna kitu kinachomkuta akiwa ameshachoka.

Tumbatu_Maji

Nami niongeze upande wa uchafu, maana neno lenyewe ni pana mno na kila uchafu unaua kwa njia yake.

Majitaka ya vyoo na jikoni. Haya yenyewe ni chakula cha bakteria, na bakteria wakila wanatumia oksijeni. Siku ya baridi na upepo bahari inajaza pengo. Usiku wa kaskazi usio na upepo haijazi. Ndiyo maana ukipima oksijeni saa sita mchana utapata jibu zuri la uongo, kwa sababu mwani na majani ya bahari yanatoa oksijeni juani. Pimeni alfajiri, kabla jua halijachomoza. Ikishuka chini ya miligramu 2 au 3 kwa lita hapo mmeshajua. Majitaka yana amonia pia, na joto linapopanda sehemu kubwa zaidi ya amonia hiyo inageuka kuwa ile yenye sumu. Kiasi kile kile kinachotoka kwenye bomba kinakuwa kikali zaidi Machi kuliko Agosti.

Na msitazame bomba tu. Mawe yetu ya matumbawe yana matundu. Shimo la choo lililochimbwa mita chache kutoka ufukweni linavujia baharini chini kwa chini, na mahali pa kuona ni pale maji baridi yanapobubujika kwenye mchanga maji yakipwa.

Tope. Kukata mikoko na kuchimba misingi juu ya kijito kunaleta udongo laini. Chaza lulu wa aina hii ni wa maji maangavu, hawezi tope kama wenzake. Analazimika kulifunga kwa ute na kulitema, na ute ule ni nguvu inayopotea. Mkiona ute wa rangi ya udongo umejaa kwenye wavu, hicho ndicho kinachoendelea.

Shaba. Hapa naomba watu wasikilize. Rangi za chini ya boti za faiba, zile za kuzuia viumbe wasiote, nyingi zina shaba. Katika majaribio ya viinitete vya kome wa jenasi ya Mytilus, mikrogramu 5 hadi 10 za shaba kwa lita moja zimetosha kuharibu nusu yao. Kome mkubwa haoni kitu, anaendelea kuishi. Lakini watoto hawapatikani, na baada ya miaka kadhaa mwamba unabaki na wazee watupu. Boti ikikwanguliwa ufukweni, unga ule unaingia kwenye tope na kukaa. Mashua na jahazi za deheni hazikuwa na tabu hii, chokaa na mafuta tu. Ufaransa walipata somo kubwa zaidi kwenye ghuba ya Arcachon miaka ya 1970: rangi yenye bati la kikemikali iliyoitwa TBT ilivuruga uzazi wa chaza na kuyafanya magamba yao yanenepe vibaya, mpaka nchi ikaizuia kwa boti ndogo mwaka 1982. Mkataba wa kimataifa wa kuikataza ulianza kufanya kazi 2008.

Plastiki ndogondogo wanazimeza, hilo ni kweli, ila nisingeziweka mbele ya hayo matatu katika kutafuta kinachoua Februari.

Bweleo_Lulu

Ahsanteni sana kaka zangu. Nimeanza kupata mwanga. Lakini joto na uchafu vinakutanaje ndani ya mnyama? Maana kamba za nje zina joto karibu sawa na za ndani, tumeshika kwa mkono tu lakini tofauti si kubwa.

Mwamba_Mweusi

Hilo ndilo swali lenyewe dada.

Mnyama akikutana na maji mabaya, dawa yake ya kwanza ni kufunga gamba. Akifunga hapati oksijeni, anaanza kuishi kwa akiba ya wanga iliyomo mwilini kwa njia isiyohitaji hewa. Njia hiyo inazaa tindikali, na anaipunguza makali kwa kuyeyusha chokaa ya ndani ya gamba lake mwenyewe. Katika maji ya nyuzi 25 anaweza kukaa hivyo muda mrefu, kome na kombe hata siku kadhaa. Kila joto linapoongezeka akiba inaisha haraka zaidi. Kwa kukadiria, nyuzi 10 zikiongezeka matumizi yanakuwa mara mbili au zaidi.

Halafu lazima afungue. Akifungua anapumua kwa nguvu kulipa deni la oksijeni, anavuta maji mengi kupita kawaida. Kama maji hayo yana shaba, kadimiamu (madini mengine yenye sumu), amonia au bakteria, anavuta vingi kupita kawaida. Madini haya yanaharibu matamvua, yaani pale pale anapopumulia na kuchujia chakula. Siku inayofuata uwezo wake wa kustahimili joto umeshuka, na anazidiwa kwa joto ambalo mwenziwe wa maji safi analivumilia. Joto linamwingizia sumu zaidi, sumu inamshushia kiwango cha joto anachoweza. Vinasukumana.

Wa kamba za nje wanaona joto lile lile lakini wakifungua wanakuta maji mazuri, deni linalipwa.

Zingatieni pia yale maji ya kwanza yanapoanza kujaa. Yanapita juu ya mchanga na tope lililochomwa na jua kwa saa tatu nne, yanachukua moto wake, na yanabeba kila kilichokusanyika mdomoni mwa kijito. Nusu saa ile ya kwanza ndiyo moto zaidi na chafu zaidi, na ndiyo wakati chaza wa kamba za ndani wanapofungua kwa njaa ya hewa.

Mkoani_Pemba

Kuhusu kutofautisha bila maabara. Wafu wenyewe wanasema, mradi muende kabla kaa na samaki hawajawamaliza. Bamvua ya kwanza baada ya vifo, tembeeni na daftari kutoka juu ya ufukwe mpaka chini.

Wakifa wa juu tu, kwa mstari ulionyooka kama uliopigwa kwa rula, na wa kwenye nyufa na upande wa kivuli wamepona, hilo ni jua. Wakifa wa juu na wa chini pamoja, lakini wengi karibu na mdomo wa kijito au mtaro na wanapungua kadiri unavyokwenda mbali, hilo ni la maji. Wakifa ghafla siku moja hadi nne baada ya mvua kubwa, fikirieni maji ya mvua kwanza: chumvi ya kawaida ni 35 kwa elfu, ikishuka chini ya 20 wanafunga, na kama maji ni ya moto hawawezi kufunga muda mrefu. Masika ya kwanza ni hatari hasa kwa hilo, mvua inakuja bahari ingali moto na inasomba uchafu wa miezi yote mikavu kwa mara moja.

Wakipungua wadogo tu huku wakubwa wazima, tafuteni shaba au tope juu ya miamba. Gamba lenye tundu dogo la duara limetobolewa na konokono, lililovunjika kingo ni kaa au samaki taa, hao msiwahesabu kabisa. Gamba lililofunguka na nyama yote imo ni kifo cha ghafla. Gamba lililofunguka na nyama nyembamba, ya majimaji, inayoangaza, ni mnyama aliyekonda kwa wiki nyingi.

Kombe wa tope (Anadara antiquata) ni shahidi mzuri sana. Damu yake ni nyekundu, ina hemoglobini kama yetu, kwa hiyo anastahimili ukosefu wa oksijeni kuliko chaza. Chaza wakifa na kombe wakabaki wazima, oksijeni inashukiwa. Kombe nao wakifa, kuna sumu au maji ya mvua au joto la tope lenyewe. Na kombe wakitoka wenyewe juu ya mchanga wakakaa wazi, tope limewakataa. Lifukueni kidogo, likiwa jeusi karibu na uso na linanuka yai bovu, ni uchafu unaooza bila ya hewa.

Tumbatu_Maji

Hayo ya Mkoani yote yanafaa. Niongeze kipimo kimoja cha bei rahisi ambacho watafiti wa kome wanakitumia sehemu nyingi: kuwaweka nje ya maji na kuhesabu wanaishi muda gani. Aliyechoshwa na uchafu anakufa mapema kuliko aliyetoka maji safi, hata kama kwa macho wanalingana.

Chukueni kome wa miamba au chaza wa miamba, siyo chaza lulu, huyo hawezi kukaa nje. Arubaini kutoka karibu na kijito, arubaini kutoka mahali mnapopaamini, siku moja, kupwa kumoja, urefu mmoja kwa rula na kimo kimoja cha ufukwe. Msiwang'oe kwa kuvuta. Kateni zile nyuzi wanazoshikia kwa kisu, mkivuta mnachana mguu na kipimo kimeharibika. Wabebeni kwenye junia lililolowa maji ya bahari, kivulini. Wapangeni kwenye trei bila kupandana, funikeni kwa kitambaa kilicholowa maji ya bahari na kukamuliwa, ndani ya chumba chenye hewa ambacho hakipigwi na jua. Trei zote mbili zikae sehemu moja, maana meza ya karibu na dirisha na ile ya pembeni hazina joto moja.

Watazameni asubuhi na jioni. Aliyefunguka mguseni ukingo wa nyama kwa njiti. Akifunga yuko hai, asipofunga baada ya kugusa tena mtoeni na muandike. Msimhesabu maiti kwa kufunguka tu, maana wako kome wenye tabia ya kupanua gamba wakiwa nje, Perna perna wa pwani ya Afrika ya Kusini ni mmoja wao. Andikeni saa ambayo nusu ya trei imekufa. Mkipata tofauti iliyo wazi baina ya trei mbili, na mkirudia kwa bamvua nyengine ikatokea tena upande ule ule, maji ya kijito yana kesi. Msifanye mara tu baada ya kuzaa. Mnyama aliyetoka kutema mayai ni dhaifu kila mahali.

Rudieni Agosti. Trei zikilingana Agosti na kuachana Machi, mnaona kwa macho yenu joto na uchafu vikifanya kazi pamoja.

Kwa joto, msipime hewa wala maji ya ndoo. Vipo vifaa vidogo vya kurekodi joto, ukubwa wa kitufe cha koti. Mtafiti Brian Helmuth wa Marekani ndiye aliyeeneza njia ya kuvificha ndani ya umbo la kome na kuvibandika mwambani, ili kipimo kipate joto kama la mnyama. Kiwekeni kwenye gamba tupu, jazeni silikoni, kirekodi kila dakika 15, kimoja kamba ya ndani, kimoja kamba ya nje, kimoja mwambani.

Bweleo_Lulu

Hili la trei tunaliweza wallahi, na hata watoto wa skuli wanaweza kutusaidia kuhesabu. Je, kamba? Na kula?

Mkoani_Pemba

Kamba kwanza.

Kanuni ni kwamba hata kupwa kukubwa kwa Machi kusimwache mnyama karibu na uso wa maji. Kwa chaza lulu tafuteni mahali penye mita 4 au zaidi maji yakiwa yamepwa kabisa, ninginizeni nyavu ziwe mita 2 chini ya uso, na mwisho wa wavu ubaki mita 1 juu ya mchanga. Ukigusa chini mmewaletea kaa, konokono na tope. Mahali penye kina kifupi kuliko hicho hapafai kaskazi hata maji yawe safi vipi. Kuteremsha si kazi kubwa: ongezeni urefu wa kamba baina ya boya na kamba kuu, na mpunguze maboya kidogo. Fanyeni katikati ya Disemba, bahari ikiwa haijapata moto, na mrudishe masika yakitulia.

Nafasi: chaza wasizidi theluthi moja ya sakafu ya wavu katika miezi ya joto. Kusafisha ni kila wiki tatu au nne, kwa sababu wavu ulioziba kwa majani na sponji hauingizi maji mapya na waliomo wanavuta hewa ile ile. Lakini jinsi ya kusafisha ndiyo inayowamaliza watu. Usafi ufanywe alfajiri au wakati wa maji mafu, chini ya turubai, chaza wakiwa wamefunikwa junia la maji ya bahari, wavu mmoja mmoja, na wasikae nje zaidi ya nusu saa. Takataka zinazokwanguliwa zipelekwe nchi kavu. Zikitupwa hapo hapo zinaoza chini ya kamba na kula oksijeni. Kazi ya kupachika vitufe vya lulu (viini ambavyo chaza huvifunika kwa lulu) isifanywe Februari mpaka Aprili, jeraha na joto havipatani.

Kizimkazi_Chini

Kivuli cha makuti je, kwa wale kome wa miamba? Na kuwamwagia maji?

Mwamba_Mweusi

Kivuli kinasaidia kweli mwambani, kwa sababu moto mwingi unatoka kwenye jua lenyewe, siyo hewa. Ila makuti yatachukuliwa na maji yakijaa, na kivuli cha kudumu kinaua mwani wa mwambani. Kwa eneo dogo la mbegu (kome wachanga), wavu mweusi wa bustani uliofungwa saa tatu asubuhi na kufunguliwa maji yakirudi, siku tatu nne za bamvua ya Machi tu, inatosha. Kumwagia maji kunapoza kwa muda mfupi yakikauka, lakini maji ya kidimbwi kilichokaa juani hayana faida, na ndoo haziwezi kufika ufukwe mzima. Muhimu zaidi, msivune kome wote wa kwenye nyufa na kivuli. Hao ndio watakaozaa baada ya Machi.

Tumbatu_Maji

Kuhusu kula, nisameheni nitakuwa mkali kidogo.

Kuishi kwa chaza si ushahidi wa usafi wake. Karibu na majitaka kiasi kidogo anaweza hata kunenepa, kwa sababu chakula ni kingi. Anachuja lita nyingi kwa siku na kukusanya kilichomo. Sifa hiyo ndiyo iliyomfanya mwanasayansi Edward Goldberg mwaka 1975 apendekeze kome watumiwe kuchunguza uchafu wa pwani, na Marekani wakaanza mpango wao wa kitaifa 1986.

Umoja wa Ulaya unaruhusu mnyama aliwe bila ya kusafishwa kwanza ikiwa asilimia 80 ya sampuli za eneo lake zina bakteria wa E. coli (alama ya kinyesi) wasiozidi 230 kwa gramu 100 za nyama na maji yake, na zilizobaki hazizidi 700. Mdomoni mwa mtaro huko si rahisi kufika chini ya hapo, na baada ya mvua ndiyo kabisa. Bakteria na virusi vinakufa kwa kupikwa: nyama yenyewe ya ndani ifike nyuzi 90 kwa sekunde 90, na kufunguka kwa gamba peke yake si alama ya kuiva, linafunguka mapema kuliko hapo. Kwa jiko la kawaida, maji yakishachemka tena baada ya kuwatia, hesabuni dakika nne au tano, msiwajaze sufuria mpaka juu. Kadimiamu, risasi na sumu za mwani havitoki kwa kupika wala kwa ndimu. Hata kuwaweka ndani ya maji safi siku mbili kunapunguza bakteria, kwa madini hakusaidii kitu.

Kwa hiyo: msiokote kwenye kijito hicho, msiokote popote siku za mwanzo baada ya mvua kubwa, msiuze waliokwishafunguka wasiofunga wakiguswa. Na wa kuuza wasikae kwenye beseni juani sokoni. Kuna bakteria wa jamii ya Vibrio ambao ni wa baharini wenyewe, hawahitaji choo cha mtu, na wanazaliana haraka sana penye joto.

Bweleo_Lulu

Shukran jazila. Swali la mwisho: kijito chenyewe tumshitakie nani, na twende na nini mkononi?

Mkoani_Pemba

Anzeni na kamati ya wavuvi ya shehia na sheha, kisha barua moja kwa Mamlaka ya Usimamizi wa Mazingira Zanzibar, yaani ZEMA, na nakala kwa watu wa uvuvi, kwa kuwa Ghuba ya Menai, hapo mlipo, ni eneo la hifadhi. Taasisi ya Sayansi za Bahari iko Buyu, si mbali nanyi, na ZAFIRI ni ya utafiti wa uvuvi na mambo ya bahari. Waombeni wapime E. coli, amonia na shaba, maana hayo trei haziwezi kuyataja kwa jina.

Mkononi muwe na ramani ya kuchora kwa mkono yenye kijito na kamba zote, daftari la wafu kwa tarehe na kwa kamba, matokeo ya trei za Machi na za Agosti, joto la kifaa, na picha za maji ya kijito zilizopigwa mahali pamoja kupwa na kujaa. Sampuli ya maji ichukuliwe kupwa, ndani ya chupa safi iliyotoka maabara wenyewe, iwekwe kwenye boksi la barafu na ifikishwe siku ile ile, ndani ya saa sita ikiwezekana. Ikilala nyumbani hawataipokea, na wakiipokea jibu lake halitasimama.

Wakati barua inazunguka, sogezeni kamba za ndani tu, za nje ziacheni. Na acheni wavu mmoja mdogo wa chaza mahali pale pale pa zamani, ili maji yakitengenezwa muwe na cha kulinganisha.